Lami ya Juu ya Paa

Watu wengi wakiona lami kwenye rangi ya gari hukimbilia kisu. Nimeletewa magari yaliyokwanguliwa kwa kisu cha jikoni, kwa wembe, kwa msumari, na mwenye gari mmoja alitumia mchanga wa bahari na gunzi la hindi, kisha akaja kuniuliza mimi kwa nini mlango wake umefanya mba. Wengine hutumia petroli. Petroli inaitoa lami, sikatai, lakini inaondoka na mng'ao wa rangi, na baada ya wiki mbili panabaki baka jeupe ambalo hutalifuta hata ulie. Nikiona baka la namna hiyo nakasirika kana kwamba gari ni langu. Ndivyo nilivyo.

Mimi natumia mafuta ya nazi. Siyo yale ya kopo ya kupaka nywele. Natumia yale ya kukuna na kuchemsha nyumbani. Kwanza gari linakaa kivulini mpaka bati lipoe. Unachovya kitambaa, unakigandamiza juu ya doa, unakiacha hapo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, halafu unafuta kwa kuelekea upande mmoja. Usizungushe mkono. Ukizungusha unaitandaza lami mlango mzima. Doa linalegea, linakuwa kahawia, linakuja na kitambaa. Kisha sabuni, kisha maji, kisha unarudia tena, kwa sababu mara ya kwanza lami haijawahi kutoka yote. Na kitambaa chenyewe lazima kiwe kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka maneno yake hayasomeki. Kanga mpya ina ukali, inachora rangi.

Kanga hizo alikuwa ananipa mama. Alikuwa na sanduku zima la kanga za ujana wake, akazitoa moja moja, akazichana kwa meno. Jioni nikirudi nyumbani Likombe na mfuko wa vitambaa vilivyojaa lami, alikuwa anaupokea mfuko kabla hajanipokea mimi. Anaviloweka kwenye mafuta ya taa, anavifua kwa sabuni ya mche, anavianika, na asubuhi navikuta vimekunjwa juu ya meza. Nilimwambia aache, mafuta ya taa yatamharibu mikono. Alicheka. Alisema mikono iliyobangua korosho tangu usichana, ikababuliwa na yale mafuta ya ganda ikatoka ngozi ikaota nyingine, haina cha kuogopa tena.

Kibanda changu kiko Magomeni ya huku kwetu kusini. Turubai, pipa la maji, benchi, basi. Nilianza kwa ndoo na kata. Mwanamke kuosha magari hapa kwetu ilikuwa kichekesho cha bure. Madereva walikuwa wanapunguza mwendo kuniuliza kama nafua na mashuka. Aliyenitoa kwenye kichekesho hicho alikuwa mjomba. Masika yalikuwa yanaisha. Alisimamisha pikapu yake nyeupe mbele ya kibanda, akashusha mashine ya presha, mpya, ingali na nailoni yake, akaiweka miguuni pangu.

"Mpwa wangu," alisema, "kuanzia leo usiiname tena."

Nililia mbele za watu. Nilishika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili nikaubusu, na jioni nilipomsimulia mama naye alilia, akasema anamshukuru Mungu kwamba hakumbeba mtoto yule mgongoni bure.

Hapo nieleze, kwa asiye wa kwetu. Sisi ni Wamakonde. Mtoto anahesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho: kwenye posa yako, kwenye msiba wako, kwenye ardhi ya ukoo. Baba tunamheshimu, ila mjomba tunamsikiliza. Mjomba wangu ni mdogo wa mama, wa tumbo moja. Mama yao alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na mama yangu, ambaye naye alikuwa mtoto tu, ndiye aliyembeba, akamtafunia muhogo, akamlaza. Kwa hiyo sikuwa na mtu mwingine duniani wa kumwamini kuliko huyo. Nalisema hili sasa ili ijulikane kwamba sikuwa mjinga wa hivihivi.

Ardhi ya ukoo iko kijijini kwetu, kando ya njia ya kwenda Msimbati, na iko mikononi mwa mjomba. Lakini kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Ukipanda mti kwenye ardhi ya ukoo, mti huo ni wako, na anayeuvuna au kuukata bila ruhusa yako amekuibia, awe nani awe. Mikorosho ya pale ilikuwa ya mama. Aliipanda akiwa na mimba yangu. Alimwaga mbegu kwenye ndoo ya maji, zilizoelea akazitupa, zilizozama akazipanda tatu tatu kila shimo, akamwagilia kwa maji ya kubeba kichwani. Kila mti aliujua kwa tabia zake. Mmoja ulikuwa umeinama mpaka tawi lake kubwa limelala chini, na chini ya tawi hilo aliweka kinu kilichopasuka, akakigeuza kikawa kiti chake wakati wa kuokota korosho. Mabibo ya mti ule, yale matunda yanayobeba korosho, yalikuwa mekundu sana, yana ukakasi kidogo, na ndiyo aliyoyapenda kuliko yote. Akifika shambani alikuwa anavua ndala zake mpakani na kuingia pekupeku. Nilipomuuliza kwa nini, alisema pale si sokoni.

Masika hayohayo goti lake lilivimba, nikamleta Likombe awe karibu na hospitali. Alikuja na jambo moja tu kichwani: arudi kabla ya wakati wa kupuliza salfa, kwa sababu maua ya mkorosho yasipopata dawa yanakauka yote na msimu umekwenda. Mama hutamka "nkorosho", kwa ulimi wa nyumbani, na mwezi mzima ule sikusikia neno lingine. Nkorosho wangu hivi, nkorosho wangu vile. Nilimuahidi kwamba goti likipungua nitamrudisha mwenyewe kwenye miti yake. Nilimuahidi mbele ya mjomba.

"Dada, tulia upone," mjomba alisema. "Dawa nitapuliza mimi. Na ile njia sasa hivi imechimbwa yote, gari linaruka kama mbuzi. Goti lako litaishia huko."

Kuhusu njia alisema kweli. Barabara ya Msimbati ilikuwa inawekwa lami wakati ule, na mimi nilikuwa nashukuru, maana kila gari lililotoka huko lilikuja kwangu likiwa na madoadoa. Mashine inanguruma, foleni imejaa, madereva waliokuwa wananiuliza habari za mashuka sasa wananiita "mama lami" na kunisubiri benchini wakitafuna ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha. Niliona maisha yamenikubali.

Sasa, mtu akikaa na kazi moja muda mrefu anaanza kuisoma. Lami ya barabarani hurushwa na matairi. Utaikuta nyuma ya magurudumu, chini ya milango, kwenye bampa la nyuma, na kila tone lina mkia unaoelekea nyuma kwa sababu gari lilikuwa linakwenda mbele. Haipandi zaidi ya vioo. Nimefuta magari mengi ya njia ile, na juu ya mapaa yake hakukuwa na kitu ila vumbi na kinyesi cha kunguru.

Mjomba alikuwa analeta pikapu yake kila Ijumaa asubuhi, ili aende nayo msikitini ikiwa safi. Ijumaa moja nilipanda juu ya kigoda nioshe paa, nikakuta vitone vya lami. Vidogo, vya mviringo, havina mkia. Vimeenea paa zima na boneti. Hiyo si lami iliyorushwa kutoka chini. Ilidondoka kutoka juu, na gari lilikuwa limesimama.

"Mjomba," nilisema kwa utani, "siku hizi unaendesha miguu juu?"

Alicheka, lakini alicheka akiangalia upande mwingine. "Wanapuliza lami njia nzima, mwanangu. Upepo unaibeba."

Nilijua si kweli. Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo, kwa hiyo nitalisema waziwazi: nilijua. Magari yaliyopita njia hiyohiyo, siku hiyohiyo, yalikuwa mbele yangu na mapaa yake hayana hata doa. Lakini mashine aliyoninunulia ilikuwa inanguruma pembeni yangu, na mjomba haulizwi mara mbili. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta, nikakigandamiza, nikasubiri muda wa kikombe cha chai, nikafuta. Ijumaa iliyofuata vitone vilikuwepo tena. Nikafuta tena. Miezi ikapita hivyo. Sikuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile niliyoifanya kwenye paa la pikapu ile. Ungepitisha shavu lako juu yake.

Mama alikuwa anauliza, mimi nikawa namjibu kwa maneno ya mjomba. Mjomba amepuliza dawa. Mjomba amesema miti imetoa maua. Msimu ulipoanza, mjomba alituletea kapu la mabibo na korosho mbichi, akaliweka mbele ya mama, akasema, "Mali yako hiyo, dada." Mama alilipekua kapu lote mpaka chini.

"Yote ya njano," alisema.

"Ndivyo yalivyotoka mwaka huu."

"Nti ule ulioinama haujawahi kutoa ya njano."

"Labda mvua, dada. Mvua mwaka huu imevuruga kila kitu."

Mama akachukua bibo moja akalinyonya taratibu, akaitikia kwamba ndiyo, labda mvua. Nilikuwa nimekaa pale. Nilimwona anavyojilazimisha kuamini, na nilijua anafanya nini kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyo kila Ijumaa.

Aliyetufungua macho alikuwa mtu ambaye hakukusudia. Alikuja dereva wa kambi ya wajenzi wa barabara, na gari dogo la kijivu, anataka litolewe lami kwa sababu bosi wake analalamika. Nikazunguka gari. Nyuma ya matairi, kama kawaida. Kisha nikapanda kigoda. Juu ya paa, vitone vidogo vya mviringo, visivyo na mkia.

"Hii ya juu umeipata wapi?" nilimuuliza.

"Kambini. Tukijaza boza la lami, mpira ukifunguliwa unatema. Gari lolote lililoegeshwa jirani linapata."

"Na kambi iko wapi?"

Akanieleza. Akataja kijiji chetu. Akasema ukikivuka tu, mkono wa kushoto, palikuwa na shamba la mikorosho, wakaing'oa masika yalipokuwa yanaisha ili wapate uwanja wa kuchanganyia lami. Nilikuwa nimeshika kitambaa na mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikamuuliza kama kulikuwa na mti ulioinama.

"Eh! Unapajua?" alisema, amefurahi. "Ule ulitusumbua. Tawi lilikuwa limelala chini, na chini yake kuna kinu. Greda lilikipitia."

Mwenye shamba, alisema, ni mzee mmoja mwungwana sana, ana pikapu nyeupe. Aliwaambia amepanda miti yote kwa mkono wake mwenyewe, wakamlipa fidia yake, na sasa anawaletea maji na vyakula hapohapo kambini, kila siku yuko nao.

Nililimaliza gari lake. Sijui mikono yangu ilifanyaje kazi lakini nililimaliza, akashukuru, akaondoka. Kisha nikazima mashine nikakaa juu ya ndoo. Nilihisi kama mtu aliyelishwa kitu kichafu kwa muda mrefu huku akisema asante. Kila Ijumaa mjomba aliniletea miti ya mama ikiwa juu ya paa la gari lake, imegeuka vitone vyeusi, na mimi nikaifuta kwa kanga za mama, na mama akazifua.

Sikuweza kumwambia. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine. Asubuhi yake nilimwambia tu, "Mama, goti limepungua. Twende shambani." Alioga, akavaa kanga yake nzuri ya Idi, akachukua kapu tupu kwa ajili ya korosho atakazookota. Nilipoona lile kapu nilitaka kufungua mdomo. Sikuufungua. Tulipanda bajaji, na njia nzima alikuwa ananionyesha mashamba ya watu, nani amepalilia, nani amezembea.

Bajaji iliposimama alishuka kwa upande wa mpakani, na kabla hajainua kichwa alivua ndala zake akaziweka pembeni, kama alivyozoea. Ndipo akatazama.

Kulikuwa na kokoto zilizorundikwa mpaka juu ya vichwa vyetu, matangi, mapipa, moshi, na ile harufu ninayoijua kuliko harufu ya jasho langu. Hakukuwa na mti hata mmoja. Mama aliingia pekupeku, mlinzi akamkodolea macho asijue la kufanya, akatembea na goti lake mpaka mahali fulani katikati ya uwanja, akasimama. Mimi nisingejua ni wapi. Yeye alijua.

"Kinu changu kiko wapi?" aliniuliza.

Nilimweleza yote hapo hapo, hata vile vitone vya juu ya paa la pikapu, kwa maneno machache, nikiwa nimeangalia chini. Kwa kuangalia chini ndipo nikaona kwamba amekanyaga lami. Lilikuwa dimbwi dogo lililomwagika kwenye boza, limelainishwa na jua la saa sita, na mguu wake wa kulia ulikuwa umezama mpaka kwenye kisigino. Nilimtoa pale kwa kumshika kiunoni. Kwenye mkoba wangu sikosi chupa ya mafuta ya nazi na kitambaa, ni mazoea ya kazi. Nikapiga magoti nimfute. Akauvuta mguu wake.

"Acha," alisema. "Twende kwa mdogo wangu." Akarudi mpakani akavaa ndala zake na lami hiyohiyo.

Nyumba ya mjomba si mbali na pale; bajaji ilitufikisha mlangoni. Nilikuwa sijafika tangu mwaka uliotangulia, na nilisimama nikashangaa. Baraza la udongo ambalo tulizoea kukalia lilikuwa limejengwa upya, limewekwa marumaru za rangi ya maziwa, zinang'aa mpaka unajiona. Mama ni mtu mwenye adabu zake. Alivua ndala chini ya ngazi, mguu wa kulia ukagoma kidogo kuachia, akauvuta, akapanda. Mguu wa kushoto haukuacha alama. Wa kulia uliacha unyayo mweusi mzima, na vidole vyote vitano. Akapiga hatua nyingine. Na nyingine. Alitembea baraza zima kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, kwa sababu ya goti.

Mjomba alitoka na kanzu yake. "Shikamoo da..." alianza, kisha akaona chini. "Dada! Mguu wako una lami!"

"Ndiyo," mama alisema. "Ni ya shambani kwangu."

Mjomba alirudi nyuma hatua moja, asikanyage nyayo zile. Yeye ndiye msemaji wetu kwenye posa zote. Maneno yake yalikuwa mengi na yalikuja kwa pamoja: miti ilikuwa imezeeka, ardhi ni ya ukoo na yeye ndiye mwangalizi, barabara ni maendeleo yetu sote, alikuwa anasubiri dada apone kwanza ndipo amweleze kwa utaratibu.

"Nani alipanda?" mama aliuliza.

"Dada, hayo mambo ya zamani..."

"Waliokuja kuhesabu miti uliwaambia nani alipanda?"

Mjomba akainama kuzitazama zile nyayo. Mama alisubiri. Hakuinua sauti hata mara moja, na mimi nilitamani aiinue, nilitamani amtukane, amrushie ndala, kitu chochote. Mimi ningemrushia. Badala yake mjomba alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mdogo pale.

"Na wewe unanitolea macho ya nini? Hiyo mashine yako unadhani ilitoka wapi? Umekula nayo, umevimba nayo, sasa leo mimi ndiye mwizi peke yangu?"

Mama alinitazama. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho: hakuwa anamtazama tena mdogo wake, alikuwa ananitazama mimi.

"Sikujua, mama," nilisema. Kuhusu mashine, ilikuwa kweli.

Mashine niliirudisha siku iliyofuata kwa guta la kukodi la mizigo, nikaiacha chini ya ngazi za baraza lake bila kubisha hodi. Nimerudi kwenye ndoo na kata, na madereva wamerudi kwenye mashuka. Baadhi ya ndugu walimwambia mama aende kwenye baraza la ardhi, aende kwa mwenyekiti wa kijiji, alete mashahidi wa kusema nani alipanda. Alikataa. Alisema hajui atakavyosimama mbele za watu amshitaki mtoto ambaye yeye mwenyewe alimtafunia muhogo. Mimi nilikasirika naye kwa hilo, siku mbili tukala bila kuzungumza. Mpaka sasa nakasirika. Mtu amekuibia umri wako wote, halafu unamwonea haya yeye.

Baada ya wiki hivi mjomba alinitumia picha kwenye simu. Hakuandika salamu. Ilikuwa picha ya baraza lake, na nyayo zile zimeshageuka kijivu pembeni mahali aliposugua. Chini yake aliandika: "Mwanangu hii inatoka na nini. Nimetumia petroli imezidi kutanda."

Nilimpelekea mama simu uani, alikuwa anafua vitambaa vyangu. Alikausha mikono kwenye kanga, akaishika simu mbali na macho yake, akaitazama picha.

"Inatoka?" aliuliza.

"Juu ya marumaru inatoka. Ukitumia mafuta ya nazi ukawa na subira inatoka yote. Lakini kwenye ile mistari ya saruji katikati, kama amemwagia petroli, imeshanywewa. Pale haitoki tena."

"Mwambie hivyo."

"Nimwambie?"

"Mwambie. Kaniuliza mtu njia, nitamficha?"

Nikaandika, nikatuma. Nilidhani yamekwisha, nikanyoosha mkono anirudishie kitambaa alichokuwa amekiacha juu ya beseni, nimsaidie kukamua. Hakunipa. Alikuwa anakigeuza geuza, kipande cha kanga ambayo nakumbuka aliivaa siku nilipopelekwa shule.

"Na ile ya juu ya paa la gari," alisema, "uliiona toka lini?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa ananipa nafasi ya kumdanganya. Alikuwa ameinamisha kichwa ili asinione.

"Toka mwanzo, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akakichovya kitambaa kwenye maji, akakisugua, akakiinua kwenye mwanga kuona kama kimetakata.

"Ilikuwa inatoka yote?"

"Yote."

"Ulikuwa unaifuta vizuri," alisema, na akaenda kukianika kitambaa pamoja na vingine.